James Chuma, Mpokea Mizigo

Katika safari za zamani, kabla ya gari la moshi na motokaa kufika nchi hizi, bidhaa zote za bara zilichukuliwa na watu mabegani na vichwani. Mpagazi mmoja alipewa mtumba wa uzani wa ratli 60 hata 70, naye aliuchukua toka alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali. Msafara uliopangwa vema ulikuwa na watu wa akiba pia, waliokwenda mikono mitupu au wenye mizigo myepesi. Hao hawakuwa wavivu. Kazi yao ilikuwa kumpokea aliyechoka. Mtu akishikwa na homa, au mguu wake ukivimba, mwenzake hakuwa na budi kuinama na kujitwika mtumba ule, ingawa si yeye aliyeufunga, wala hakujua ndani yake mna nini. Nasi twadhani mzigo wa kupokea njiani ni mzito kuliko wa kuanza nao nyumbani, kwa kuwa kamba zake zimekwisha kulegea, na msafara haungoji.

Twataka kuwaandikia habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yalikuwa ya namna hiyo. Jina lake James Chuma. Wasomaji wengi wamelisikia jina hili likitajwa pamoja na jina la Susi, tena kwa jambo moja tu, la kuuchukua mwili wa Daktari Livingstone kutoka bara hata pwani. Sisi nasi tulipokuwa chuoni tulifundishwa hivyo, na habari za Chuma zikaishia hapo, kana kwamba mtu huyu aliutua mwili ule Bagamoyo akatoweka duniani. Kumbe wakati ule alikuwa kijana wa miaka kama 23, na kazi iliyompatia jina katika mji wa Unguja ilikuwa mbele yake bado.

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika watu wa kabila la Wayao, upande wa Ziwa Nyasa. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeiharibu nchi yote ile. Kijiji kilipigana na kijiji, na walioshindwa waliuzwa. Mtoto huyu naye aliingia katika mkumbo huo. Mwezi wa Julai mwaka 1861 Daktari Livingstone na Askofu Mackenzie, aliyekuwa ameleta misheni mpya ya UMCA, walikuwa wakipanda milima ya Shire, wakakutana na misururu ya watumwa wenye makongwa shingoni. Walinzi walikimbia, makongwa yakakatwa, na kwa muda wa siku chache watu wengi wakawekwa huru. Chuma alikuwa miongoni mwa watoto waliookolewa siku zile. Wakapelekwa Magomero, misheni ilipojenga, wakalelewa huko. Katika Wazungu wa misheni ile alikuwako kijana mmoja aitwaye Horace Waller. Wasomaji walikumbuke jina hilo, kwa sababu litarudi.

Misheni ya Magomero haikudumu. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, na wengine wakamfuata. Baadaye waliosalia waliondoka katika nchi ile, nayo misheni ikahamia Unguja mwaka 1864. Watoto wengi walitawanyika. Lakini Chuma na mwenzake Wikatani walichukuliwa na Livingstone katika meli yake ndogo, Lady Nyassa, na mwezi wa Aprili 1864 wakafika Unguja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Chuma kuuona mji ambao baadaye ungekuwa kwake. Alikuwa na miaka kama 14. Mtoto aliyefunguliwa katika kongwa akatia nanga mbele ya mji ambao soko lake la watumwa lilikuwa lingali wazi kule Mkunazini, na watu wa nchi yake wakiuzwa humo.

Hawakukaa sana. Meli ile ndogo ikavuka bahari mpaka Bombay, na Livingstone akawaacha vijana hao wawili katika skuli ya misheni ya Waskoti, kwa Daktari John Wilson. Huko Chuma alijifunza Kiingereza na kusoma na kuandika, na mwezi wa Desemba 1865 akabatizwa, akaitwa James. Mwezi uliofuata Livingstone akamrudisha Unguja pamoja naye, tayari kwa safari mpya. Watu wengine waliokuwamo ni Abdallah Susi na Amoda, watu wa Shupanga katika mto wa Zambezi, na vijana tisa wa skuli ya Nasik.

Safari ya miaka saba, toka 1866 hata 1873, hatutaisimulia yote. Vitabu vyake ni vingi. Twataja mambo machache yamhusuyo Chuma. Wikatani aliachwa karibu na Ziwa Nyasa, kwa kuwa alisema amewapata ndugu zake, Chuma akaendelea. Wengi walitoroka, na baadhi yao wakaenda Unguja kutoa habari ya uwongo kwamba Livingstone ameuawa, Chuma akabaki. Lakini tusimfanye malaika. Mwezi wa Aprili 1868, Livingstone alipotaka kwenda kulitazama Ziwa Bangweulu, watu wake wengi walichoka wakakataa kumfuata, na Chuma na Susi walikuwa katika hao waliokataa. Akaenda na watu watano tu. Aliporudi akawapokea tena, wala hakuwashika sana kwa kosa lile, kwa maana alijua wamechoka kama alivyochoka yeye. Twaona ni vema jambo hili lisifichwe. Mtu aliyekataa mara moja njiani, kisha mwaka 1873 akawa wa kwanza kukubali, habari zake zatufaa zaidi kuliko za mtu asiyechoka kamwe.

Mwaka 1872, walipokuwa Unyanyembe, Chuma alioa. Palikuwa na mwanamke katika msafara aitwaye Ntaoeka, mwenye sura nzuri na asiye na mume, na Livingstone aliona si vema kwenda naye hivyo. Akamtajia wanaume watatu, naye Ntaoeka akamchagua Chuma. Alikwenda safari yote ya mwisho pamoja na mumewe.

Sasa tumefika Chitambo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kibanda cha nyasi kijijini kwa mtu mkuu aitwaye Chitambo, kusini ya Bangweulu, kijana Majwara alimwita Susi, naye Susi akawaita Chuma na wenzake, wakaingia wakamkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kesho yake watu wote wa msafara wakakusanyika. Mzungu aliyewaandika kazi hayupo. Aliyejua kulipa hayupo. Pwani iko mbali zaidi ya maili 1,000. Wangeweza kumzika pale pale wakaenda zao, wala hakuna ambaye angewalaumu. Lakini wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wazoefu wa safari, na neno lao litafuatwa. Ndivyo Chuma alivyoupokea mzigo wa kwanza.

Jambo la kwanza lilikuwa Chitambo mwenyewe. Katika nchi nyingi za bara mtu akifa mgeni, wenyeji waliogopa, na faini ilikuwa kubwa. Waliwaza kuficha habari ile, na Chuma akaenda kumwomba Chitambo ruhusa ya kujenga mahali pa faragha nje ya kijiji. Lakini habari ilikwisha kumfikia. Chitambo hakukasirika, alikuja na watu wake, na pinde na mishale yao, wakamwombolezea maiti kwa heshima kama desturi ya nchi yao. Kisha Farijala, aliyekuwa zamani mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, akaufungua mwili. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright wa skuli ya Nasik akasoma ibada ya maziko, akachonga jina katika mti ule. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa kaniki na kwa ganda la mti, na juu yake turubali, ukatundikwa katika mti ili wanaume wawili wauchukue mabegani.

Wasomaji waangalie tarehe. Tarehe 5 Juni 1873, watu hawa wakiwa bado katika mabonde ya bara, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Habari hiyo Livingstone hakuisikia. Wala waliomchukua hawakuwa na njia ya kuisikia mpaka walipokaribia pwani.

Safari ile ilikuwa na shida toka mwanzo. Siku chache baada ya kuondoka, karibu nusu ya watu wakaugua, wakakaa mahali pamoja kama mwezi mzima. Katika kijiji cha Chawende wakapigana. Watu kadha wa kadha wakafa njiani. Walipokaribia Unyanyembe, mwezi wa Oktoba, walisikia kwamba kuna Wazungu huko, nao wakamtuma Chuma atangulie mbio na barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright. Akamkuta Bwana Cameron na wenzake, waliotumwa kumtafuta Livingstone na kumsaidia. Cameron aliona ni afadhali mwili uzikwe pale pale, maana njia ya kwenda pwani ilikuwa ya hatari. Alikuwa ofisa wa manowari za Kiingereza, nao walikuwa watu wa mshahara ambao msharifu wao amekufa. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya Livingstone, jambo ambalo hawakulipenda, lakini mwili hawakumwachia.

Jambo lililotokea mbele yake, mahali paitwapo Kasekera, ndilo latuonyesha kwamba hawa hawakuwa waaminifu tu, bali walikuwa na akili. Wenyeji wa njia ile walisikia kwamba msafara una maiti, wakakataa isipite nchi yao. Basi wakaufungua mzigo ule kwa siri, wakaufunga tena katika umbo la mtumba wa nguo, kama mitumba mingine ya biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa umbo la mtu aliyekufa, wakayavika nguo, na watu sita wakayabeba kwa heshima nyingi kurudi nayo Unyanyembe, ili wote waone kwamba maiti imerudishwa. Walipofika mwituni mbali na macho ya watu, wale sita wakatawanya mabua, wakarudi usiku wawili watatu. Msafara ukapita na mtumba mmoja zaidi, wala hakuna aliyeuliza. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapo ndipo vitabu vingi vyamwachia Chuma. Balozi mdogo wa Kiingereza akauchukua mwili kwa meli mpaka Unguja, na kutoka huko Ulaya. Wachukuzi walilipwa mshahara wao, wakaagwa. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyepelekwa na mwili, naye alikuwako London katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874, siku ya mazishi. Wale wawili walioongoza safari hawakuwako. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliagiza nishani kwa ajili ya watu wote wa msafara, lakini zilipokuja Unguja wengine walikuwa wamekwisha kutawanyika katika safari nyingine.

Bwana James Young, rafiki wa Livingstone, aliona aibu ya jambo hili, akatoa fedha, na Chuma na Susi wakaletwa Uingereza, wiki kadhaa baada ya mazishi. Wakafikia kwa nani? Kwa Horace Waller, ambaye sasa alikuwa kasisi wa kijiji cha Twywell. Alimwacha Chuma akiwa mtoto wa Magomero. Alipomwona tena alikuwa mtu mzima, naye ndiye mwenye habari ambazo hakuna Mzungu aliyezijua. Waller alikuwa akitengeneza daftari za mwisho za Livingstone zipate kuchapwa. Daftari zilikoma siku chache kabla ya kifo. Yote yaliyofuata, yaani kifo, maziko ya moyo, njia, mapigano na hila ya Kasekera, yalitoka vinywani mwa Chuma na Susi, wakikaa mezani pamoja naye siku nyingi na kujibu maswali. Hata kitabu kile basi Livingstone alikianza, na hawa wawili wakakimaliza.

Mwezi wa Oktoba 1874 wakarudi Unguja. Twaomba wasomaji watazame hali ya Chuma siku ile anaposhuka pwani ya Mji Mkongwe. Ana miaka 24. Hana ukoo mjini, wala shamba, wala karafuu. Anazo lugha nyingi, za pwani na za bara, na Kiingereza kizuri. Anazijua njia toka Rovuma hata Tanganyika. Na jina lake lajulikana. Mji wa Unguja ulikuwa mlango wa bara. Kila Mzungu aliyetaka kwenda maziwani alikuja hapa kwanza, akanunua merikani, kaniki, ushanga na masango, akaandika wapagazi na askari, kisha wakavuka kwa majahazi kwenda Bagamoyo, Pangani, Dar es Salaam au Lindi. Mzungu mwenyewe mara nyingi hakujua neno moja. Aliyechagua watu, aliyepima posho, aliyejadiliana hongo na wakuu wa njia, aliyejua ni nani atatoroka usiku, ni mnyapara mkuu. Hiyo ikawa kazi ya Chuma, kazi ya mshahara, naye aliishika hata mwisho.

Walioandika habari zake siku zile walipenda neno moja, uaminifu. Neno ni zuri, wala hatulikanushi. Lakini tumesoma mara nyingi sifa hizo tukaona zinapunjwa. Mtumishi akisifiwa uaminifu tu, akili yake hutiwa katika hesabu ya bwana wake. Kuwaongoza watu 150 wenye njaa kupita nchi ya vita, wasiuane wala wasitoroke, si jambo la moyo mwema peke yake. Ni ufundi, na ufundi hujifunzwa.

Wa kwanza kumwandika kazi walikuwa misheni ile ile iliyomlea. Askofu Edward Steere alikuwa amewekwa wakfu mwaka 1874. Mwaka 1875 alitaka kwenda katika nchi ya Wayao, akamchukua Chuma awe kiongozi. Wakavuka mpaka Lindi, wakapanda hata Mwembe kwa Sultani Mataka. Njia ile haikuwa ngeni kwa Chuma. Alikwisha kufika kwa Mataka mwaka 1866 akiwa kijana nyuma ya Livingstone. Sasa alirudi akiwa mbele, naye alisema lugha ya wenyeji kwa kuwa ni lugha ya mama yake.

Mwaka 1876 ikaja kazi ambayo twaiona kuwa kubwa kuliko nyingine za misheni. Huko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, misheni ilikuwa na shamba, na humo walikaa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walitaka kurudi nchi zao. Mwezi wa Oktoba watu wapatao 55, wanaume kwa wanawake, wakaondoka pamoja na Askofu, na Chuma akauongoza msafara toka Lindi. Nia ilikuwa kufika mbali, katika nchi za ziwani. Lakini walipofika Masasi, chini ya majabali yale makubwa, watu waliona ardhi njema na maji, na safari ya mbele ni ndefu, wakataka kukaa pale. Askofu akakubali. Ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi. Wenzetu wa dayosisi ile waijua habari hii kuliko sisi Walutheri, lakini hata wao twawauliza: watoto wenu walijua jina la aliyeongoza njia? Alikuwa mmoja wao, aliyekatwa kongwa kama wao, akiwarudisha watu upande wa nchi walikotolewa.

Sasa tuje katika safari iliyompa sifa kuliko zote katika watu wa kazi yake. Mwezi wa Januari 1879 alifika Unguja Bwana Keith Johnston, mchora ramani, ametumwa na Chama cha Jiografia atafute njia kutoka Dar es Salaam hata Ziwa Nyasa na Tanganyika. Msaidizi wake alikuwa Mskoti aitwaye Joseph Thomson, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 21. Wakamwandika Chuma awe mnyapara mkuu, naye akawakusanya watu kama 150. Siku zile misafara mingi ilikuwa ikigombea wapagazi pale Unguja, na watu wazuri walikuwa adimu. Lakini wengi walilijua jina la Chuma. Mwezi wa Mei wakaondoka.

Hawakwenda hata miezi miwili. Katika nchi ya Behobeho, upande wa mto Rufiji, Bwana Johnston alishikwa na tumbo la kuhara damu, na tarehe 28 Juni 1879 akafa. Wakamzika pale chini ya mti. Chuma akajiona amesimama tena mahali alipopata kusimama: kiongozi amekufa, pwani iko nyuma, kazi haijaanza, na watu wote wanatazama. Safari hii palikuwa na Mzungu mwingine, lakini kijana huyo hakujua Afrika. Twaijua sifa ya Thomson, kwamba hakurudi nyuma. Yeye mwenyewe alikiri sana msaada wa mnyapara wake, jinsi alivyokuwa mwepesi wa maneno, mcheshi, msimulizi wa hadithi jioni motoni, na mwenye kuwapatanisha watu. Ikiwa Chuma siku ile angalisema turudi, Thomson angalifanya nini?

Wakaendelea, wakapita Mahenge na Uhehe, wakafika kaskazini ya Nyasa, na mwezi wa Novemba wakaliona Ziwa Tanganyika upande wa kusini. Hapo Thomson alitaka kwenda mbio na watu wachache kuutazama mto Lukuga, unaotoka upande wa magharibi wa ziwa. Akamwachia Chuma msafara karibu wote, pamoja na mali, huko Iendwe, akaenda zake kwa miezi mingi. Wasomaji waliopata kusimamia watu wasio na kazi mahali pa ugenini watajua maana yake. Watu wakikaa bila safari huanza ugomvi, huuza nguo za msafara kidogo kidogo, hugombana na wenyeji kwa ajili ya chakula na wanawake. Thomson aliporudi, msafara ulikuwako. Wakapita Tabora, wakafika Bagamoyo mwezi wa Julai 1880, wakavuka Unguja, na watu karibu wote walioondoka wakarudi wakapokea mshahara wao. Katika habari za misafara ya siku zile jambo hilo ni nadra sana. Wengine walirudi na nusu ya watu.

Mwaka 1881 Seyyid Barghash alisikia kwamba kuna makaa ya mawe upande wa mto Rovuma, akamwita Thomson aende kuyatazama, na Chuma akaenda naye. Makaa hayakuwa makaa. Yalikuwa mawe meusi yasiyofaa kitu, na Seyyid hakufurahi. Kwa Chuma ilikuwa safari ya mwisho, nayo ilimpeleka tena katika mto ule ambao aliufuata mwaka 1866, siku za mwanzo wa safari zake na Livingstone.

Mwaka uliofuata, 1882, Chuma alishikwa na kifua kikuu, akafa mjini Unguja katika hospitali ya misheni. Alikuwa na miaka kama 32. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Askofu Steere naye akafa, akazikwa nyuma ya altare katika kanisa alilolijenga Mkunazini, juu ya kiwanja cha soko la watumwa. Katika kanisa hilo umo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake moyo ulizikwa. Sisi tumepata kuutazama. Wageni wengi huja kila siku, huonyeshwa msalaba huo, wakaambiwa habari za Livingstone. Susi alikaa miaka tisa baada ya mwenzake. Alibatizwa mwaka 1886, akaitwa David, akafa Unguja mwaka 1891.

Mwanzo wa mwaka 1883 Thomson akarudi Unguja. Safari hii alitumwa kufungua njia ya Umasaini, nchi iliyoogopwa kuliko zote na wafanya biashara wa pwani, na watu wa mjini hawakutaka kuandikwa. Chuma hakuwako tena kuwakusanya. Akamwandika Manwa Sera, aliyekuwa mnyapara wa Stanley, awe mkuu. Lakini mtu huyo alikuwa amechoka na safari, akashika cheo tu. Kazi yenyewe ikamwangukia Makatubu, ambaye mwaka 1879 alikuwa chini ya Chuma katika msafara wa Johnston. Makatubu ndiye aliyekuwa akienda mbele na nyuma ya mstari, akihesabu mizigo.